Bad News na DebunkBot: chanjo na tiba dhidi ya nadharia za njama

Zipo huduma mbili zinazopatikana bure mtandaoni ambazo zinakusudia kumwepusha mtu wa kawaida na nadharia za njama za kisiasa, yaani imani kwamba matukio makubwa huendeshwa kwa siri na wakubwa wenye nia mbaya. Ya kwanza ni Bad News, mchezo wa kuchezwa kwenye kivinjari, uliotolewa mwaka 2018 na shirika la Kiholanzi liitwalo DROG kwa kushirikiana na watafiti wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Ya pili ni DebunkBot, programu ya mazungumzo inayoendeshwa na akili mnemba, iliyotokana na utafiti wa Thomas Costello, Gordon Pennycook na David Rand uliochapishwa katika jarida la Science mwezi Septemba 2024. Mchezo ni chanjo, kwa kuwa unamlenga mtu ambaye bado hajaamini. Programu ni tiba, kwa kuwa inamlenga aliyekwisha kuamini. Nimezitumia zote mbili nikiwa na swali moja, nalo ni kama waliozitengeneza wanaelewa kwa nini mtu mwenye akili timamu, mwenye kazi na familia yake, huingia katika imani hizo na kuendelea kukaa humo hata baada ya kuonyeshwa kasoro zake. Maoni yangu ni kwamba Bad News inamjua vizuri sana muuzaji wa njama lakini haimjui mnunuzi, ilhali DebunkBot inamsikiliza mnunuzi kwa makini, ingawa haina cha kumpa badala ya kile inachomtaka akiache.

Bad News ni mchezo wa maandishi. Msimulizi humtumia mchezaji ujumbe mfupi mfupi, kwa lugha ya kejeli ya mtu aliyebobea katika upotoshaji ambaye sasa amepata mwanafunzi, na kila baada ya ujumbe kadhaa mchezaji huchagua jibu moja kati ya machache aliyopewa. Anaanza akiwa hana jina wala wafuasi, na lengo lake ni kumaliza akiwa mmiliki wa chombo cha habari cha uongo kinachosikilizwa na maelfu ya watu. Pembeni kuna vipimo viwili: idadi ya wafuasi na kiwango cha uaminifu wake machoni mwao. Njiani anakusanya beji sita, kila moja ikiwa ni mbinu: kujifanya mtu au taasisi nyingine, kuchochea hisia, kuwagawa watu makundi mawili yanayochukiana, kubuni njama, kuwachafulia jina wakosoaji, na uchokozi wa makusudi. Mchezo mzima huchukua kama robo saa.

Hatua ya kwanza ina ujanja ambao ni rahisi kuupita bila kuuona. Mchezaji hatakiwi kudanganya mtu yeyote. Anatakiwa kutoa dukuduku lake tu, na mara wafuasi wachache wa mwanzo wanajitokeza. Ni baada ya kuonja utamu huo mdogo ndipo msimulizi anapomshauri ajaribu kutumia jina la mkubwa fulani. Anaweza kujifanya NASA na kutangaza kwamba kimondo kinakuja, au kujifanya Rais Donald Trump na kutangaza vita dhidi ya Korea Kaskazini. Watu wanashtuka, wanasambaza, na ni wachache wanaorudi kulitazama jina la akaunti kwa makini. Mchezaji anajifunza papo hapo, kwa mkono wake mwenyewe, kwamba kinachosomwa kwanza ni habari na chanzo hutazamwa baadaye, kama kinatazamwa kabisa.

Uzuri wa pili wa mchezo uko katika kile kipimo cha uaminifu. Mtu ambaye hajawahi kuufikiria upotoshaji kwa undani hudhani kwamba mzushi husema chochote kinachomjia kichwani na kwamba wajinga humwamini. Mchezo unamwonyesha kinyume cha hayo. Mchezaji akizusha jambo la kipuuzi kupita kiasi, uaminifu wake unashuka, na ukifika sifuri mchezo umekwisha. Akiwa mwadilifu kupita kiasi, msimulizi anamkejeli na kumhimiza abadili uamuzi wake. Njama inayouzika ni ile inayoshikilia kitu cha kweli, kwa mfano taasisi ambayo kweli ina siri zake, hati ambayo kweli ipo, au swali ambalo kweli halijajibiwa, kisha inaongeza juu yake madai ambayo msomaji anaona ameyafikia mwenyewe. Beji ya nne, ile ya njama, imejengwa juu ya kanuni hiyo, na kwangu ndiyo sehemu bora ya mchezo.

Msingi wa kitaalamu wa mchezo huu ni wa zamani. Katika miaka ya 1960 mwanasaikolojia William McGuire alipendekeza kwamba akili inaweza kukingwa dhidi ya ushawishi kwa namna inayofanana na mwili kukingwa dhidi ya maradhi: mtu apewe kiasi kidogo cha hoja potofu, iliyodhoofishwa na kuambatanishwa na majibu yake, ili siku atakapokutana na hoja yenyewe awe na kinga. Watafiti wa Cambridge, wakiongozwa na Jon Roozenbeek na Sander van der Linden, waliichukua fikra hiyo na kuigeuza kuwa mchezo, kisha mwaka 2019 wakachapisha matokeo kutoka kwa wachezaji wapatao 15,000. Kabla na baada ya kucheza, washiriki walitakiwa kupima ni kwa kiasi gani ujumbe fulani wa mtandaoni unaaminika, na ilionekana kwamba baada ya mchezo waliupa ujumbe wa kupotosha alama ndogo zaidi. Matokeo hayo yameusaidia sana mchezo kupata sifa, nao umetafsiriwa katika lugha nyingi.

Hata hivyo kuna pingamizi ambalo kila anayetaka kuutumia mchezo huu darasani au kazini anapaswa kulizingatia. Mwaka 2023 watafiti Ariana Modirrousta-Galian na Philip Higham walizichambua upya takwimu za michezo ya aina hii, wakauliza swali tofauti kidogo: je, mchezaji ameongeza uwezo wa kutenganisha kweli na uongo, au ameongeza tu shaka juu ya kila kitu? Walichokiona ni kwamba sehemu kubwa ya mabadiliko ilikuwa shaka. Wachezaji waliutilia mashaka zaidi uongo, lakini waliitilia mashaka zaidi na kweli. Watengenezaji wa michezo hii hawakubaliani na hitimisho hilo moja kwa moja, na mjadala wa kitakwimu bado ni mrefu, lakini mimi naliona pingamizi hili kuwa zito kwa sababu inayohusu maudhui yenyewe. Mtu anayeamini nadharia ya njama haamini mambo mengi kuliko wengine. Kwa upande mmoja yeye ndiye mwenye shaka kuliko wote. Haiamini serikali, haamini gazeti, hamwamini daktari wala tume ya uchaguzi, na ombwe hilo la imani ndilo linalompa nafasi mtu asiyejulikana mwenye akaunti isiyo na jina. Dawa inayoongeza shaka bila kuonyesha mahali pa kuweka imani inaweza kumsogeza mtu karibu zaidi na mlango ambao ilikusudia kuufunga.

Kuna pengo kubwa zaidi ya hilo. Katika Bad News wafuasi ni tarakimu. Wanaongezeka mchezaji akitumia mbinu sahihi na kupungua akikosea, kana kwamba ni pesa katika akaunti, na hakuna hata mmoja wao anayetajwa kuwa na sababu zake za kufuata. Ndiyo maana mtu anaweza kuumaliza mchezo akiwa na beji zote sita, akatoka akijiona mjanja, na asijue lolote kuhusu jirani yake aliyeanza kuamini kwamba viongozi wa dunia wanaendeshwa na kundi la siri. Mchezo unamwachia fikra moja tu juu ya jirani huyo, kwamba alidanganyika, na fikra hiyo haitoshi.

Tuchukue QAnon, mojawapo ya nadharia za njama za kisiasa zilizosambaa zaidi kwa njia ya mtandao katika muongo uliopita, inayodai kwamba kundi la siri la wakubwa wanaowadhuru watoto linaiendesha dunia na kwamba Trump anapambana nalo. Mnamo Oktoba 28, 2017, mtu asiyejulikana, ambaye baadaye alijiita Q, aliandika kwenye 4chan, tovuti ambako watu huandika bila kutaja majina yao, kwamba Hillary Clinton, mgombea aliyeshindwa na Trump katika uchaguzi wa urais wa 2016, angekamatwa siku mbili baadaye. Hakukamatwa. Kwa kanuni ya Bad News, kipimo cha uaminifu kilipaswa kushuka hadi sifuri siku hiyohiyo na mchezo kuisha. Kilichotokea ni kwamba Q aliendelea kuandika hadi Desemba 2020, akatoa jumbe zipatazo 5,000, na wafuasi wakaongezeka. Sababu yake ni ya kiufundi na inastahili kuelezwa. Baada ya utabiri wa mwanzo kushindwa, Q aliandika zaidi kwa mafumbo na maswali kuliko kwa madai: tarehe bila maelezo, herufi za kwanza za majina, maswali yaliyoachwa hewani. Wafuasi ndio waliojaza nafasi zilizoachwa wazi. Walilinganisha saa za ujumbe wa Q na saa za ujumbe wa Trump, wakachora michoro, wakaandaa video, na kila aliyegundua uhusiano mpya alipongezwa na wenzake. Mtu ambaye kazini kwake hakuna anayemuuliza maoni yake alijikuta akiwa mchambuzi anayesubiriwa. Utabiri uliposhindwa, kosa lilikuwa la tafsiri, na tafsiri ilikuwa yao. Kwa hiyo ilibidi kutafsiri tena.

Kauli mbiu ya mazingira hayo, ya kumtaka kila mtu afanye utafiti wake mwenyewe, ni ushauri ambao mwalimu yeyote angeutoa kwa mwanafunzi. Hapo ndipo mvuto ulipo kwa watu wa kawaida. Hawaambiwi waamini kwa upofu. Wanaambiwa wasiamini, wakatafute, wasome hati, wapime. Tatizo ni kwamba wanaotafuta wanaelekezwa mahali pa kutafuta na watu waleule waliowapa swali.

Mwisho wa safari hiyo unaweza kuwa mchungu. Mwishoni mwa mwaka 2016, baada ya WikiLeaks, tovuti inayochapisha nyaraka za siri zilizovuja, kuchapisha barua pepe za John Podesta, aliyekuwa mwenyekiti wa kampeni ya Clinton, wasomaji wa mtandaoni waliamua kwamba maneno ya chakula yaliyomo humo, pamoja na neno piza, yalikuwa lugha ya siri ya biashara ya watoto, na kwamba watoto hao walifungiwa chini ya mgahawa wa Comet Ping Pong mjini Washington. Desemba 4, 2016 baba wa watoto wawili aliendesha gari kutoka Carolina Kaskazini hadi kwenye mgahawa huo, akaingia na bunduki na kufyatua risasi, akitafuta watoto wa kuokoa. Hakukuwa na watoto, na mgahawa wenyewe hauna chumba cha chini ya ardhi. Baadaye alimwambia mwandishi wa gazeti la New York Times kwamba taarifa alizokuwa nazo hazikuwa sahihi kwa asilimia mia moja. Alihukumiwa kifungo cha miaka 4. Ninamtaja kwa sababu nia yake, kwa jinsi alivyoielewa, ilikuwa ya kuokoa watoto, na alifanya kile ambacho wengine wote walikuwa wakihimizana kukifanya, yaani kwenda kuhakikisha kwa macho yake. Bad News haina beji inayoweza kumweleza mtu wa namna hii.

Wala haina nafasi ya mtandao wenyewe kama mchukuzi. Mwaka 2019 mtafiti wa ndani ya Facebook alifungua akaunti ya majaribio kwa jina la kubuni la Carol Smith, mama mhafidhina wa umri wa miaka 41 kutoka Wilmington, Carolina Kaskazini, aliyependa ukurasa wa Fox News na wa Trump. Akaunti hiyo haikuonyesha hata mara moja kupendezwa na njama. Katika siku mbili tu mfumo wa mapendekezo ulikuwa umeanza kumpendekezea Carol vikundi vya QAnon, na wiki moja haikupita kabla ukurasa wake haujajaa maudhui ambayo yalivunja kanuni za Facebook yenyewe. Jaribio hilo lilijulikana hadharani mwaka 2021 kupitia nyaraka zilizotolewa na Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook. Carol hakutafuta chochote, aliletewa. Na akiletewa jambo mara kwa mara, hata kama mara ya kwanza alicheka, kuna matokeo yanayojulikana tangu utafiti wa Hasher, Goldstein na Toppino wa mwaka 1977, kwamba kauli iliyorudiwa huonekana kuwa ya kweli zaidi kuliko kauli ya mara ya kwanza. Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali nzuri kwa mtu mwenye tahadhari, lakini ni kanuni mbovu ya kupimia ushahidi pale ambapo mashine ndiyo inayoamua jambo lisemwe mara ngapi.

Kwa hiyo Bad News ni mchezo mzuri wenye jina kubwa kuliko uwezo wake. Unafundisha kuitambua mbinu ukiiona. Haufundishi kwa nini mbinu hiyo inamfanyia kazi huyu na si yule.

DebunkBot inaanzia pale ambapo mchezo unaishia. Haikuulizi kuhusu mbinu. Inakutaka ueleze, kwa maneno yako mwenyewe, nadharia unayoiamini na ushahidi uliokushawishi. Kisha inaifupisha nadharia hiyo katika sentensi moja na kukuuliza kama umeielewa hivyo, na unaiamini kwa kiasi gani, kuanzia 0 hadi 100. Baada ya hapo mazungumzo yanaanza, na mwishoni unaulizwa tena kiwango chako. Utaratibu ni mfupi na hauna madoido.

Ili kuipima, niliandika kama ambavyo angeandika mtu anayeamini kwamba uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2020, ambao Joe Biden alimshinda Donald Trump, uliibwa. Sikuandika madai ya jumla. Nilitaja video ya ukumbi wa State Farm Arena mjini Atlanta, ile iliyosambazwa sana Desemba 2020, inayowaonyesha wafanyakazi wa uchaguzi wakitoa makasha ya kura chini ya meza usiku, baada ya waangalizi kuondoka. Niliichagua kwa makusudi, kwa sababu ni mfano bora wa kinachomvuta mtu wa kawaida: haihitaji kumwamini mwanasiasa yeyote, kila mtu anaona makasha, anaona meza, anaona saa. Mtu aliyeitazama video ile na kushtuka hakuwa mjinga. Alionyeshwa kipande cha kweli kilichokatwa mahali maalumu.

Jibu lililokuja halikunikemea wala halikuniita mpotoshaji. Lilikubali kwanza kwamba kipande kile kinatia shaka kikitazamwa peke yake, kisha likaeleza kilicho nje ya kipande: kwamba video nzima inaonyesha kura zikifungwa katika makasha ya kawaida na kuwekwa chini ya meza mapema usiku huo, wafanyakazi walipodhani kazi imeisha, na kwamba zilitolewa tena walipoagizwa kuendelea, kwamba wachunguzi wa jimbo la Georgia waliitazama video nzima, na kwamba kura za jimbo zima, zipatazo milioni 5, zilihesabiwa upya kwa mkono na matokeo hayakubadilika. Nilipong'ang'ania kwamba wachunguzi hao ni sehemu ya mfumo uleule, hoja ilihamia Arizona, ambako maseneta wa chama cha Republican wenyewe waliajiri kampuni kuzihesabu upya kura za kaunti ya Maricopa mwaka 2021, na hesabu hiyo ikamwongezea Joe Biden kura 99 na kumpunguzia Trump kura 261. Kwa maoni yangu hilo ndilo jibu sahihi kwa pingamizi la aina hiyo, kwa kuwa linatumia shahidi ambaye mwenye shaka hawezi kumwita adui.

Tofauti na Bad News ni kubwa. Mchezo unazungumza na watu wote kwa wakati mmoja, ilhali programu inajibu kile hasa ulichokiandika. Mabishano ya kawaida kati ya mtu anayeamini njama na ndugu yake asiyeamini huharibika kwa sababu ndugu hajui undani. Aliyeamini ametumia miezi akisoma, anajua tarehe, majina na namba za hati, na asiyeamini ana kauli moja tu, kwamba huo ni upuuzi. Anayejua mengi anashinda mjadala, hata kama anayoyajua ni mabovu, na ushindi huo unazidi kumthibitishia kwamba wengine wamelala. DebunkBot inaondoa upungufu huo, kwa kuwa haishindwi kwa wingi wa maelezo na haichoki wala haipandishi sauti.

Takwimu za utafiti zinaendana na hali hiyo. Katika majaribio yaliyohusisha Wamarekani 2,190, kiwango cha kuamini kilishuka kwa wastani wa asilimia 20 hivi, na miezi miwili baadaye kilikuwa hakijarudi juu. Takribani mmoja kati ya wanne alitoka upande wa kuamini akaingia katika upande wa kutokuwa na uhakika. Mhakiki wa kitaalamu aliyepitia sampuli ya madai 128 yaliyotolewa na mashine aliona kwamba asilimia 99.2 yalikuwa ya kweli, yaliyobaki yalipotosha kidogo, na hakuna lililokuwa la uongo mtupu. Jambo ninalolithamini zaidi ni kwamba pale mshiriki alipotaja njama iliyothibitika kuwa ya kweli, mashine haikupunguza imani yake. Hili ni muhimu kwa sababu njama za kweli zipo. Shirika la kijasusi la Marekani liliendesha mradi wa MKUltra wa kuwajaribia watu dawa za kulevya bila ridhaa yao. Idara ya afya ya Marekani iliwaacha wanaume weusi 399 wenye kaswende bila tiba katika utafiti wa Tuskegee, kuanzia 1932 hadi 1972. Ikulu ya Rais Richard Nixon ilificha habari za Watergate, kashfa ya kuvunja na kuingia katika ofisi za chama pinzani. Mtu anayeambiwa kwamba serikali hazifanyi njama anajua anadanganywa, na ana haki ya kuacha kumsikiliza anayemwambia hivyo. Huduma inayotenganisha Tuskegee na Comet Ping Pong inamheshimu.

Nina mashaka matatu, na hayana uzito sawa. La kwanza ni dogo: washiriki wa utafiti ni watu waliokubali kujaza dodoso na kuzungumza na mashine, jambo ambalo mfuasi sugu hawezi kulikubali kwa urahisi. La pili ni la uwezo wenyewe, kwa maana mashine inayoweza kumtoa mtu katika imani kwa kumjibu hoja moja baada ya nyingine inaweza, ikiwa mikononi mwa mwingine na kwa maagizo mengine, kumwingiza mtu katika imani kwa njia hiyohiyo, na mtumiaji hana namna ya kuona maagizo yaliyoko nyuma ya skrini. Anayeshuku kila taasisi atauliza jambo hili mapema, na hatakuwa amekosea kuuliza.

La tatu ndilo linalonisumbua. Wanasaikolojia wakiongozwa na Karen Douglas wamezigawa sababu za watu kuamini njama katika mafungu matatu: kutaka kuelewa mambo, kutaka kujihisi salama na kuwa na udhibiti wa maisha yao, na kutaka kujiona kuwa na thamani, wao pamoja na kundi lao. DebunkBot inalishughulikia fungu la kwanza kwa ustadi. Mafungu mengine mawili haiyagusi. Mwaka 2012 Michael Wood, Karen Douglas na Robbie Sutton walionyesha kwamba kadiri mtu alivyoamini kwamba Diana, binti mfalme wa Wales, alijifanya amekufa, ndivyo alivyoelekea kuamini pia kwamba aliuawa. Hoja hizo mbili haziwezi kuwa kweli pamoja, lakini zote zinategemea imani moja iliyo chini yake, kwamba wakubwa wanaficha. Ukimwonyesha mtu kwamba hoja moja ni batili, ameipoteza hoja moja. Imani ya chini ipo palepale, na kundi la marafiki aliowapata kupitia imani hiyo lipo palepale, na kesho atakuta ujumbe wao ukimsubiri. Mashine imekwisha kumuaga.

Isitoshe, gharama ya njama haibebwi na anayeamini peke yake. Wafanyakazi wawili wa uchaguzi walioonekana katika ile video ya Atlanta walitishiwa maisha kwa muda mrefu, na Desemba 2023 baraza la mahakama liliamuru Rudy Giuliani, aliyekuwa wakili wa Trump, awalipe dola milioni 148 kwa kuwachafulia jina. DebunkBot ilijibu suala la makasha vizuri, lakini kwa sehemu kubwa ilizungumzia kura na hesabu. Ningependa kuona toleo linalowaleta watu hao mbele zaidi, kwa sababu msomaji anayejiona mtetezi wa wanyonge, na wengi wao hujiona hivyo kwa dhati, anaweza kuguswa na habari ya wanyonge waliodhuriwa kuliko na hesabu ya tatu ya kura.

Nikilazimika kuchagua, naiweka DebunkBot juu, kwa kuwa inaanza kwa kusikiliza. Bad News naipendekeza kwa vijana na kwa walimu, kwa sharti kwamba baada ya mchezo wapewe habari za kweli pamoja na za uongo wazitenganishe, na mchezo usiachwe uwe somo zima. Unachezwa vizuri zaidi na watu wawili kwenye skrini moja wakibishana kila uchaguzi, hasa wanapofika kwenye beji ya nne. DebunkBot, kwa upande wake, inafaa kutumiwa na mtu akiwa peke yake, bila ndugu aliyesimama nyuma yake akisubiri ashindwe. Anayeitumia aandike kwa kirefu, ataje video au hati hasa iliyomshawishi na mahali alipoiona, kwa sababu akiandika mstari mmoja atapata majibu ya jumla ambayo alikwisha kuyasikia na kuyakataa. Jibu la kwanza lisipomridhisha asiondoke. Pingamizi lake la pili ndilo linaloilazimisha programu kutafuta shahidi ambaye hata yeye hawezi kumkataa.